Tuta la Mkwajuni

Jumamosi, 2 Septemba 1972

Tumeshinda! Tangu jana Kambi ya Chumvi ya Mkwajuni inafanya kazi kwa saa. Saa moja asubuhi kipande cha reli kilichotundikwa ofisini kinagongwa, saa tisa mchana inagongwa tena, kila mtu kwao. Karani, dereva, sisi wakwangua chumvi – wote sawa. Nilisema nitalipata hili na nimelipata. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, na ni mwanamke! Wenye kununa wanune.

Enzi za tajiri tulikuwa tunafuata maji. Maji yakijaa alfajiri, Nassibu nyapara anapita na fimbo, pa pa pa milangoni, amkeni. Mwenzangu Mboni alikwangua chumvi kitovu cha mwanawe hakijadondoka. Nilimwona kwa macho yangu, damu inamchuruzika miguuni na chumvi inamla. Leo Nassibu huyohuyo ndiye mgonga reli. Anagonga huku uso umemshuka. Raha iliyoje!

Mume wangu Ahmadi peke yake ndiye anayelalamika. Kazi yake ni tuta, lile refu linalozuia bahari isiingie kwenye majaruba ya kukaushia chumvi. Likija bamvua, bahari ikafura, yeye hutembea juu ya tuta akitafuta matundu ya kaa. Tundu ukiliwahi unalishindilia udongo, yamekwisha. Wakati wa maji mafu, bahari ikiwa haipandi sana, hana kazi, alikuwa anashinda nyumbani akisuka vikapu. Sasa ni maji mafu, lakini saa ni saa. Amekaa juu ya tuta toka asubuhi akiangalia matope. Karudi mgongo unamuuma kwa kukaa!

Akaniuliza, na bahari nayo mliiita kwenye mkutano, Ndugu Mwenyekiti? Nikamwambia wewe mwenyewe ulinyoosha mkono kuzikubali saa, Baba Sada. Ni kweli alinyoosha. Alisema amechoka kuacha kitanda cha moto alfajiri.

Jumanne, 5 Septemba

Meneja wetu, Ndugu Andrea, analala ofisini. Nimekuta mkeka nyuma ya kabati. Alfajiri yupo, magharibi yupo, anakula muhogo wa kuchemsha huku anaandika malengo ya uzalishaji. Kwao ni bara huko, karibu na Ndanda. Mkewe Brigita amejifungua mwezi uliopita na bado hajaenda kumwona mtoto. Nilimuuliza mtoto anaitwaje. Akafikiri kwanza. Akafikiri!

Lakini ni mtu mzuri. Hajamtukana mtu hata siku moja. Anasema kiongozi ni wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Mimi nami siku hizi natoka naye, kuna mikutano, kuna mipango. Mwanangu Sada anapikiwa na baba yake. Majirani wanasema. Waseme.

Ijumaa, 8 Septemba

Bamvua limeanza. Baada ya reli kugongwa Ahmadi hakuonekana nyumbani. Amerudi jua linazama, matope mpaka magotini. Nikamuuliza ulikuwa wapi. Natembea tu. Unatembea wapi? Tutani.

Tumegombana. Nimemwambia unafanya kazi bure, na ukifanya bure, kesho mwenzako ataambiwa naye afanye bure. Hivyo ndivyo unyonyaji unavyorudi, kwa mlango wa nyuma. Akasema siku hizi naongea kama redio.

Jumatatu, 11 Septemba

Nassibu kamkamata. Kamkuta tutani alfajiri, reli haijagongwa, ana jembe. Kaja ofisini anachekelea mpaka jino la mwisho. Ati, Ndugu Mwenyekiti, sheria zenu zinavunjwa na nani vile?

Moto umenipanda mpaka masikioni. Angekuwa mtu mwingine ningemwita pembeni. Lakini ni mume wangu! Nikimficha, watasema Kazija ana saa za watu na saa za nyumbani kwake. Jumatano kuna mkutano. Litasemwa hadharani.

Jumatano, 13 Septemba

Nimelisema.

Walikuwepo wote, wamekaa juu ya viroba ghalani. Nikamsimamisha. Nikauliza, Ndugu Ahmadi, nani alikutuma kufanya kazi nje ya saa? Hakuna. Tajiri yupo? Hayupo. Sasa unamfanyia nani utumwa? Watu wakacheka. Nikanogewa. Nikasema mtu wa namna hii ndiye anayetengeneza fimbo ya nyapara kwa mikono yake mwenyewe. Makofi!

Akaomba radhi. Alivua kofia. Akasema, ndugu zangu, nimekosa, sitarudia, reli ikigongwa nami nakwenda zangu.

Ndugu Andrea alinipa mkono baadaye. Alisema nina msimamo. Nilifurahi, sitasema uongo.

Nyumbani nimekuta wali na dagaa, amepika yeye. Hakununa. Aliniuliza tu, mama Sada, na wewe uliyekaa ofisini mpaka saa hizi, hiyo ni ndani ya saa au nje ya saa? Nikasema mimi ni kiongozi.

Jumapili, 17 Septemba

Sada amehitimu juzuu ya kwanza ya Kurani chuoni kwa mwalimu. Watoto walivalishwa, kukawa na halua na kahawa, kila mmoja akasoma mbele ya wazazi. Mimi sikuwepo. Kuna mgeni mkubwa anakuja kutoka mkoani, Lindi, Jumatano ya tarehe 27, kuiona kambi ya mfano. Kambi ya mfano ni sisi! Ndugu Andrea aliniomba nimsaidie kupanga mapokezi, na Jumapili ndiyo siku tulivu.

Amenidokeza jambo. Mgeni akiridhika, nafasi ya meneja msaidizi ipo na anataka kunipendekeza mimi. Nimerudi nyumbani natembea hewani. Sada alikuwa amelala na kanzu yake mpya. Ahmadi kanifungulia kipande cha halua kwenye karatasi. Kasema alisoma vizuri, alikosea mahali pamoja tu. Sikuuliza wapi.

Jumamosi, 23 Septemba

Chumvi yote ya msimu iko nje, kandokando ya majaruba, milima mitupu. Ndugu Andrea hataki iingie ghalani kwanza. Anataka mgeni aione ikiwa nyeupe juani. Kweli inapendeza. Nilisimama nikaitazama nikasema moyoni, hii ni yetu, si ya mtu.

Mbalamwezi jana usiku ilikuwa kubwa ya ajabu. Bamvua la mwezi huu siku zote ndilo baya kuliko yote. Mboni kanitania njiani, eti mumeo jioni anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mzuie asije akaruka ua. Tumecheka.

Jumatatu, 25 Septemba

Tuta limekatika.

Jumanne, 26 Septemba

Naandika ili nisipige kelele.

Jana reli iligongwa saa tisa kama kawaida. Tulikuwa tunatoka, mimi na Ahmadi, njia ya mikokoni. Akasimama. Akasema, mama Sada, upande wa hori, pale mkono wa bahari unapoingia, udongo umelowa. Kuna tundu pale. Bahari bado inapanda, itajaa hasa saa kumi na kitu. Nirudi?

Aliniuliza. Nirudi? Kama mtoto anaomba ruhusa.

Nilikuwa na haraka, nilikuwa nakwenda kutafuta kitambaa cha kumvalisha Sada ampe mgeni maua. Mbele yetu Nassibu anatuangalia. Nikamwambia reli imegongwa, Baba Sada. Kesho utaliziba.

Akasema haya.

Hilo tu. Haya.

Tulisikia kabla hatujaona. Kitu kama mti mkubwa unang'oka. Nilikimbia na kitambaa mkononi. Maji yalikuwa yanaingia kwa upana wa nyumba, mekundu kwa udongo, yanalamba ile milima ya chumvi moja moja. Haikuanguka. Ilikaa, ikanywea, ikaisha. Watu walikuwa wanabeba chumvi kwa makapu, kwa kanga, kwa mikono, wanaikimbiza ghalani na inawayeyukia vifuani. Mboni alikaa chini kwenye maji akashika kichwa. Ahmadi aliingia kwenye lile pengo na viroba, maji yakamtupa, akaingia tena, yakamtupa. Wanaume walimvuta kwa nguvu. Ana jeraha kutoka begani mpaka kiwikoni.

Ndugu Andrea alisimama juu ya kipande cha tuta kilichobaki. Shati limemganda mwilini. Alikuwa anasema, mgeni anakuja keshokutwa, mgeni anakuja keshokutwa.

Msimu mzima. Yote.

Alhamisi, 28 Septemba

Mgeni alikuja jana, tena na wenzake wawili. Hakukuwa na maua. Walipanda tutani wakatazama, viatu vyao vikazama. Mkubwa wao alisema neno moja: hujuma. Alisema nchi ina maadui na adui hapigi hodi. Akauliza, tuta hili ni la nani?

Ahmadi akasema, langu.

Ulikuwa wapi?

Nilikuwa nasubiri aseme. Wallahi nilisubiri. Aseme mwenyekiti wetu ndiye aliyenikataza – wote waliokuwa pale walisikia mkutano ule! Nassibu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Ahmadi akasema, mchana ule nililala. Usingizi ulinipitia juu ya tuta. Sikuyaona matundu.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama kiatu cha yule mkubwa.

Watu wote wale! Kamati nzima. Walitazama chini, nami nikatazama chini. Wameandika, wameondoka. Ahmadi ameambiwa akae nyumbani, asitoke Mkwajuni.

Nilipofika nyumbani nilimshika shingoni nikamuuliza kwa nini. Nililia kama mwehu. Akasema polepole, mkono unauma, usinitikise.

Jumatatu, 2 Oktoba

Ndugu Andrea ameniita. Amekonda, macho yamemwingia ndani. Alifunga mlango. Nilidhani atazungumzia chumvi. Akazungumzia saa.

Mkoani wanataka jibu la kambi yenyewe. Wafanyakazi waseme, ni uzembe au ni hujuma? Uzembe, Ahmadi anafukuzwa kazi, basi. Hujuma, polisi wa Kivinje wanamchukua, na akichukuliwa haijulikani atarudi lini. Kamati itoe kauli yake mbele ya watu wote, tarehe 9, na kauli hiyo naisoma mimi.

Nikasema na ukweli je?

Akatazama mlango alioufunga. Halafu akasema anaujua ukweli. Alikuwa kwenye ule mkutano, alinipa mkono. Na kama mimi nilikosea, yeye alikosea zaidi, angeweza kumpa mpita tuta saa zake peke yake, za bamvua. Lilimpitia. Alikuwa anahesabu malengo. Ila nikisema mbele ya wale watu kwamba ni saa ndizo zilizokata tuta, wataziondoa saa, kesho yake. Hawatazirekebisha, Ndugu Kazija, wataziondoa. Nyapara atarudi na atarudi na nguvu ya serikali.

Nikamuuliza, mtoto wako anaitwaje? Akasema Martina. Safari hii hakufikiri. Akainamisha kichwa mezani. Sikujua nimfanye nini mtu mzima analia, nikatoka.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mboni kaja na wenzake watatu. Hawakukaa. Shikamoo zao niliziitikia marahaba, wadogo kwangu wale wengine. Mboni ndiye aliyesema. Kazija, tumesikia. Tunakuonea huruma, mwenzetu. Lakini usituuze. Mimi nina mimba nyingine. Sitaki kuzalia kwenye majaruba.

Nikamuuliza, na Ahmadi?

Akasema Ahmadi ni mwanamume, atavua samaki, atasuka vikapu, watu watamsaidia. Nami nitamsaidia, alisema. Nitaleta unga.

Unga! Nilimfukuza. Halafu nikakaa nikaona kwamba ningekuwa yeye ningesema vilevile, na kwa sauti kubwa zaidi. Mimi ndiye niliyewafundisha kusema.

Wanajenga tuta upya. Kila mtu na ndoo yake. Wanaanza saa moja na wanaacha saa tisa. Jana walifika katikati ya kujaza pengo, reli ikagongwa, wakaweka ndoo chini. Wakatazamana. Mmoja akaiinua tena, halafu akaangalia ofisini, akaiweka.

Jumapili, 8 Oktoba

Mwezi umeonekana. Watoto wanapiga madebe huko nje. Ramadhani kesho.

Ahmadi amenisubiri tumalize kula. Sada alikuwa nje na wenziwe. Amesema kesho nisome uzembe. Alilala, alizembea, afukuzwe. Amesema hivyo ndivyo itakavyokuwa nyepesi kwa kila mtu. Nitapata umeneja msaidizi, saa zitabaki, yeye atatafuta kazi nyingine Kinjumbi au kokote.

Nikamwambia sikutaka uniongopee mbele ya watu. Akasema hakuniongopea mimi. Kawaongopea wao.

Nikamwambia nikisema uzembe na wao wakaamua ni hujuma? Nani atawazuia? Neno moja tu wanabadilisha, na wewe uko ndani. Akasema hilo analijua.

Nina hasira naye. Nina hasira kuliko ninavyoweza kuandika. Kwa nini hakurudi? Mwanamume mzima, tundu umeliona kwa macho, unamwomba ruhusa mkeo? Nikamwambia hivyo hivyo. Nilimwambia mwanamume gani wewe. Akatazama ule mkono wake uliofungwa. Akasema, niliahidi mbele ya watu, mama Sada. Nilivua kofia.

Nampenda na sijawahi kumwambia, na leo haikuwa siku ya kumwambia.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimejifungia ofisini. Ndugu Andrea kanipa meza yake, kasema niandike kauli. Kikombe chake cha chai kakificha nyuma ya kabati kwa sababu ya saumu yetu. Naandika humu badala yake.

Wako nje wote. Wamekaa kwenye kivuli cha ghala. Wale watatu wa mkoani wamepewa viti. Nyuma yao kuna polisi mmoja, kijana, anachezea mkanda. Kumbe wamemleta kabla hata sijasema neno! Ndugu Andrea alipomwona aligeuka akanitazama. Hakujua. Naamini hakujua.

Kuna karatasi mbili kichwani mwangu. Ya kwanza: Ahmadi alizembea. Ya pili: tuta lilikatwa na mimi. Nikisoma ya kwanza, Mboni atazalia kwenye kitanda na mume wangu ataondoka na yule kijana mwenye mkanda. Nikisoma ya pili, Nassibu anarudishiwa fimbo. Ninamwona kutoka hapa. Amesimama kando ya reli, nyundo mkononi, anasubiri wakati wake.

Nimetafuta ya tatu toka jana. Kwamba saa ni nzuri na sisi tulizivaa vibaya. Kwamba bahari haikuitwa kwenye mkutano. Nani atanisikiliza nikifika katikati?

Ahmadi yuko peke yake kwenye benchi. Amevaa ile kanzu ya Idi. Hatazami watu, anatazama hori. Bamvua tena leo. Tuta jipya bado bichi, na hapa nilipo naona, karibu na pale palipokatika, udongo una rangi nyingine. Umelowa.

Ameliona. Amenyanyuka nusu.

Kaketi tena. Anaangalia dirisha langu. Ananiuliza – hajafungua kinywa, lakini ananiuliza.

Nassibu anagonga reli. Saa tisa.

Hakuna anayeinuka. Wote wamegeuka huku.